Skrubu Nne Mbele ya Gari la Huruma

Wasifu wa kaka yangu uliosomwa makaburini ulikuwa na mistari tisa. Najua kwa sababu karatasi ilipita mikononi mwangu kabla haijasomwa, na mimi ndiye niliyesahihisha mwaka wake wa kuzaliwa. Ilisema alizaliwa, alisoma, alibatizwa, alikuwa fundi wa magari, alikuwa mwimbaji wa kwaya, aliugua ghafla, alifariki. Pale kwenye "alikuwa mwimbaji" palikatwa jambo, na kila aliyesimama pembeni ya kaburi alijua ni jambo gani. Karatasi ile iliandikwa na mzee wa kanisa. Hii naiandika mimi, dada yake.

Kaka alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari. Injini hakugusa, breki hakugusa. Mteja akimwambia, "Ukimaliza nitazamie na hiyo klachi," alimwelekeza kwa jirani. Mtaani walimwita Barafu, na watoto walikuwa wakimwona anapita jua la saa nane na begi lake la spana wanamwimbia, "Barafu, usiyeyuke." Yeye alikuwa anapangusa jasho na kuwaambia, "Nimeshachelewa, wanangu, tazameni."

Alinizidi miaka sita. Hakuoa. Mama akimuuliza, alijibu kwamba kila msichana aliyemkaribia alipata mafua. Tuliishi sisi watatu katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba chake ndicho kilichotazama uani. Ukutani alipigilia misumari mirefu, na kila msumari ulining'iniza kitu: mipira ya bluu na nyekundu ya geji za kupimia gesi, vipande vya paipu ya alumini, feni iliyokatika panga moja ambayo alisema ataitengeneza tangu mimi nikiwa kidato cha pili. Jioni alinawa mikono kwa sabuni ya unga na kijiko cha sukari, kwa kuwa chembe za sukari hukwangua grisi. Mama alikuwa anachungulia mkebe na kusema, "Mikono yako inakunywa chai kunizidi mimi."

Jumapili mikono hiyo ilikuwa safi. Aliimba sauti ya nne, mstari wa nyuma, miaka kumi na saba. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Mama ana tatizo la macho, hawaoni vizuri watu waliosimama mbele, lakini alikuwa anatulia kwenye benchi mpaka aisikie ile sauti, ndipo anafungua midomo na yeye kuimba.

Sasa nilieleze gari.

Ushirika wetu ulichanga mwaka mzima ukanunua gari dogo la abiria, lililotumika, kwa ajili ya kupeleka wagonjwa hospitali na marehemu makaburini. Liliitwa Gari la Huruma. Lilikuwa zima isipokuwa kiyoyozi. Kondensa yake, ule wavu wa vijibomba unaokaa mbele ya rejeta na kupoza gesi, ilikuwa imeoza na kuvuja kila mahali. Mgonjwa mmoja wa pumu alizimia ndani ya lile gari kwa joto, na hapo kikao kikaamua inunuliwe kondensa mpya. Ilikuja ndani ya boksi lake, ikafunguliwa mbele ya mzee wa kanisa, kila mtu akaigusa kama mtoto mchanga. Kaka akasema ataifunga bure, iwe sadaka yake.

Siku aliyoifunga nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chakula. Nilimkuta ameshashusha bampa na kuliegemeza ukutani. Ile kondensa mpya ilikuwa kwenye meza juu ya gunia safi, na vifuniko vyake vidogo vya plastiki bado vipo kwenye midomo ya paipu.

"Mbona hujavitoa hivyo?" nikamuuliza.

"Karani," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama. "Ukitoa kifuniko, hewa inaingia na unyevu wake. Unyevu ukiingia, umekula kompresa. Hivi vinatoka dakika ile ile paipu inapoingia. Hata chakula chako nakifunika kisiingie vumbi, sembuse hii."

Nilimtazama akimimina mafuta kidogo ndani yake, akaloweka mipira midogo ya maungio katika mafuta hayo hayo, akaikaza kwanza kwa vidole kisha kwa spana mbili, moja ikishika, nyingine ikizungusha. Kabla ya kuiweka mahali pake aliigeuza. Akachukua msumari, akakwaruza tarehe ya siku ile kwenye fremu upande wa nyuma, ule unaotazama rejeta, kisha akapiga mstari chini yake, mstari mmoja ulionyooka, kama tulivyofundishwa shule ya msingi kupigia mstari kichwa cha somo. Kila kondensa aliyowahi kufunga aliifanya hivyo. Huwezi kuiona alama hiyo bila kushusha bampa lote.

"Nani ataisoma huko nyuma?" nikacheka.

"Atakayeifungua baada yangu. Ajue ilikaa muda gani."

Kisha akaunganisha geji, akawasha pampu ya kufyonza hewa, akaketi kwenye kopo la rangi. Dakika arobaini pampu ilifyonza, na nusu saa nyingine aliizima na kuutazama mshale wa geji tu. Ukisogea, pana tundu. Nusu saa nzima mtu mzima anatazama mshale. Ukimsemesha hajibu. Haukusogea. Akajaza gesi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, hakuna hata povu moja lililovimba. Akaniingiza ndani ya gari, akafunga milango. Baada ya dakika chache nilijikumbatia kwa baridi. Alinitazama kupitia kioo, anacheka, amelowa jasho mpaka kiunoni.

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumamosi yake mzee wa kanisa aliniita nimsaidie. Alikuwa ametengenezesha kibao cha bati chenye maandishi mekundu, GARI LA HURUMA, na chini yake jina la ushirika, na alitaka kiwe mbele kabisa, katikati ya grili, ule uso wa gari wenye matundu, ili Jumapili gari likiombewa kionekane. Mzee huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kufanya mambo kwa mkono wake. Alikuja na drili yake mwenyewe. Mimi nikashika kibao, yeye akarudi hatua mbili nyuma na kufumba jicho moja.

"Kushoto kidogo. Umezidisha. Hapo. Usipumue."

Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu zikaingia. Ya nne ikamponyoka ikapotelea kwenye majani. Tuliitafuta mpaka magoti yakauma. Mwishowe akachakura sanduku lake la vifaa, akatoka na nyingine.

"Hii ndefu kidogo," akasema, "lakini ndefu ndiyo inayoshika."

Aliikandamiza kwa drili. Ilipokaribia kuisha nikasikia kama mtu anayemwita mwenzake kwa ulimi. Sss. Mara moja tu, kisha kimya.

"Tairi hilo?" mzee akauliza.

Niliinama, nikalibonyeza tairi la mbele kwa kiatu. "Tairi zima, mzee."

"Basi ni drili. Kaza uzi tumalize."

Jumapili gari liliombewa, watu wakapiga picha mbele ya kibao. Wiki ya kwanza baridi ilikuwa nzuri. Wiki ya pili ikawa ya kubembeleza. Wiki ya tatu kiyoyozi kilipuliza joto kama mdomo wa mgonjwa.

Wangemwita kaka aje atazame, yangeishia hapo. Badala yake mzee alilipeleka gari kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Huyo hakushusha bampa. Alimulika tochi kwa pembeni ya kibao, akaona vumbi la wiki tatu za barabara mbaya limeganda kwenye wavu, akasema, "Hii ni ya mtumba, imepakwa rangi. Mpya iko wapi?"

Neno hilo lilifika kanisani kabla gari halijafika. Barafu kauza kondensa ya wagonjwa, kafunga mzoga. Aliitwa kikaoni. Mimi sikuwemo, lakini alinieleza usiku ule ule akiwa ananawa mikono, na hakuweka sukari.

"Nimewaambia washushe bampa watazame nyuma. Tarehe ipo."

"Wakasemaje?"

"Mzee akasema, 'Tukupe gari ukabadilishe tena?' Wenzake wakacheka."

Jumapili iliyofuata ilitangazwa mbele ya wote kwamba ndugu yetu fulani, hawakumtaja, anapumzishwa kuimba mpaka jambo litakapoeleweka. Hawakuwa na haja ya kumtaja. Mstari wa nyuma wa kwaya ulikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa na urefu wake.

Hapa ndipo nisipojisamehe. Nilimwambia aombe radhi yaishe. Nilimwambia mara tatu, jikoni, kwa upole, nikijiona mtu wa amani.

"Niombe radhi kwa lipi, Karani?" akasema. "Litaje, nami nitaliomba."

Ile sss ilikuwa imelala kichwani mwangu na haikuniamsha hata mara moja. Nilibonyeza tairi, tairi lilikuwa zima, nikasahau.

Hakuacha kanisa. Watu walidhani ataacha, wengine nadhani walitamani. Alikuja kila Jumapili akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wimbo ukianza alifunga mdomo, kwa kuwa walimwambia asiimbe na yeye alikuwa mtu wa kutii. Mama akageuza shingo Jumapili ya kwanza, Jumapili ya pili, akitafuta sauti. Ya tatu hakuja. Alisema miguu inamuuma. Mpaka leo miguu inamuuma siku za Jumapili tu.

Kaka alifia kazini mwezi wa tano wa adhabu yake, ameketi kwenye lile kopo la rangi mbele ya geji. Mwenye gari alidhani anatazama mshale. Daktari aliandika moyo. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne tu, sina elimu ya kubishana na daktari.

Alipelekwa makaburini na Gari la Huruma. Ndani palikuwa na joto la kuoka. Tulifungua vioo vyote, vumbi likaingia na kukaa juu ya kitambaa cheupe cha jeneza, nami nikawa nalipangusa kwa kanga yangu, njia nzima, linarudi, nalipangusa. Kiti cha nyuma mtu wa kwaya akamnong'oneza mwenzake, "Barafu anazikwa kwa joto." Mwenzake akamkanya, lakini kicheko kilimtoka puani. Nilimwomba Mungu anipe masikio ya jiwe. Hakunipa.

Miezi miwili baadaye gari likaanza kuchemsha maji. Lilipelekwa kwa fundi rejeta, mtu tunayemwita Kipara, aliyefanya kazi ukuta mmoja na kaka na aliyemtania kila siku ya Mungu kwamba kazi yake ni kuuza hewa. Huyu ilimlazimu kushusha bampa. Alinipigia simu mchana.

"Dada, njoo na macho yako mwenyewe. Sitaki kusema kwa simu."

Nilikwenda na miwani ya Mama, yangu sikuiona kwa haraka. Kipara alikuwa ameitoa kondensa na kuilaza kifudifudi juu ya meza. Aliweka kidole kwenye fremu. Tarehe ilikuwepo, Jumanne ile, na mstari wake umenyooka chini.

"Huu mwandiko wa nani?" akaniuliza, ingawa alijua.

"Wa kaka."

"Hii ni mpya. Isingekuwa kutobolewa, ingetumika mpaka gari liwe chakavu. Sasa tazama mbele."

Aliigeuza. Upande wa mbele, chini kulia, bomba moja lilikuwa na tundu dogo la mviringo, na kulizunguka palikuwa na doa jeusi la mafuta na vumbi, kubwa kama kiganja. Akachukua grili, kibao kikiwa bado juu yake, akaiweka mbele ya kondensa kama ilivyokaa garini. Skrubu ya nne ilitokeza nyuma urefu wa kidole cha kati. Akaisogeza taratibu. Ncha ikaingia kwenye tundu kama kidole kwenye pete.

"Skrubu yenyewe ndiyo iliyoziba," akasema. "Ndiyo maana gesi ilitoka kidogo kidogo. Kila gari likitikisika, kidogo. Barafu angeliona hili kwa dakika moja. Dakika moja, dada, kwa povu la sabuni." Akafuta upara wake kwa kitambaa. "Nani alifunga hiki kibao?"

"Mzee wa kanisa."

"Peke yake?"

"Na mtu wa kumshikia."

Alinifungia ile kondensa ndani ya gunia, akaitoa skrubu akanitia mkononi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee. Nilimkuta barazani anasoma Neno. Nilimwamkia, nikafungua gunia sakafuni, nikamweleza yote, hata ile sss, hata tairi. Alisikiliza vizuri. Aliichukua skrubu akaizungusha mbele ya macho yake muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyeshika kibao," akasema.

"Ndiyo, mzee. Mimi nitasema la kwangu. Naomba nanyi mseme la kwenu, pale pale mliposema mwanzo, ili Mama asikie."

"Dada, marehemu amepumzika. Tukianza kufukua, tutafukua mangapi? Mungu anajua moyo wake."

"Mungu alijua tangu Jumanne ile, mzee. Wasiojua ni watu."

Aliniambia nimwachie, atalifikisha kikaoni. Nilimwachia habari, kondensa nikaibeba.

Jumapili ile nilimbembeleza Mama mpaka akaja. Nilimwambia kuna tangazo. Alivaa gauni lake la mazishi, akakaa amenyoosha shingo. Mzee alisimama kwenye matangazo akasoma: akina mama wakutane Alhamisi, anayejua ilipo sufuria kubwa airudishe, na tumshukuru Bwana kwa kuwa Gari la Huruma limetengenezwa, rejeta na kiyoyozi, wapendwa wetu sasa watasafiri kwa raha. Akakunja karatasi.

Mama akaninong'oneza, "Ndiyo hilo?"

Ukafika wakati wa shuhuda. Nilisimama. Nilisema kaka yangu alifunga kondensa mpya na alama yake ipo, iko nyumbani kwetu, anayetaka aje aione. Nilisema ilitobolewa na skrubu ya kibao, na mimi ndiye niliyekishika kibao, nikasikia gesi ikitoka nikasema tairi ni zima. Nilisema aliadhibiwa kwa kosa langu na la mzee wetu, akafa ameadhibiwa. Nikasema naomba aondolewe adhabu mbele ya watu hawa hawa.

Mchungaji akashuka madhabahuni, mtu mpole, mgeni kwetu, hana hata mwaka. Akanishika bega.

"Majonzi ni mazito, wapendwa," akasema. "Yanamfanya mtu ajibebeshe yasiyo yake. Tumwombee dada yetu."

Waliniombea. Wazee wakaja mbele wakaniwekea mikono kichwani. Nilikuwa nimefumba macho, lakini mkono wa mzee wa kanisa niliujua, una vidole vya mtu wa chaki, vikavu. Aliomba kuliko wote, na kwa machozi. Nilisema amina, kwa kuwa nimelelewa kusema amina.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alitangulia mlangoni. Aliingia chumbani kwa kaka, akaipapasa kondensa iliyoegemea ukutani chini ya misumari, akatafuta kwa vidole mpaka akaipata ile tarehe. Akapitisha kidole kwenye mstari wa chini, huku na huku.

"Amenyoosha," akasema.

Mimi bado nasali. Kaka hana adhabu huko aliko, hilo naliamini kabisa, na halinitoshi. Kwenye kitabu cha kikao jina lake bado lina neno "amepumzishwa" mbele yake, nimeliona kwa macho yangu.

Juzi Gari la Huruma lilipita mtaani kwetu limembeba mgonjwa, vioo vimefungwa juu mpaka mwisho, baridi imo ndani. Lilisimama kidogo mbele ya nyumba yetu kupisha lori la mchanga. Kibao kipo pale pale katikati ya grili, kimeoshwa. Nilisogea nikainama kama ninayeokota kitu, nikachungulia kwa chini, nyuma ya grili. Skrubu zote nne ni mpya, na zote nne ni fupi.

Kwa hiyo walinisikia.